Msimu wa Domo Bila Kapteni

6 Agosti

Maji baridi. Ukungu mpaka saa tatu, upepo kutoka upande wa matete. Domo hawali.

Hapa naandika maji, upepo na samaki, basi. Kila mwenye boti gatini ana daftari la namna hii, ili mwaka kesho ajue aanzie wapi. Mume wangu hakuwa nalo. Alisema ziwa lote liko kichwani mwake, na kweli lilikuwemo, akaenda nalo. Alikufa mwezi wa tano, alianguka bafuni, taulo likiwa begani. Moyo. Gatini walimwita Kapteni, na mimi wananiita Mke wa Kapteni mpaka leo. Boti nimeichukua kwa sababu ilikuwepo, na mimi nilikuwepo.

8 Agosti

Wateja wawili. Domo hakuna.

9 Agosti

Mteja mmoja. Domo mmoja, mdogo kama kandambili ya mtoto. Mteja akampiga picha hivyo hivyo.

Domo ni bass, yule samaki wa kijani mwenye mdomo unaomeza ngumi. Hatumli. Watu wanatoka mjini na fimbo zao za kifahari, wanamvua, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini. Kazi yangu ni kuwapeleka alipo. Ukiniuliza ina maana gani kumsumbua kiumbe kisha umwambie nenda zako, kamuulize mteja.

13 Agosti

Upepo mkali, sikutoka.

Wifi alikuja, dada wa marehemu. Anakuja na kigari chake kutoka mjini, analia mlangoni, analia sebuleni, halafu anafungua mikate aliyoleta. Leo alinifuata jikoni.

"Wifi, nimefikiri. Msimu ukiisha nije nimchukue Mama akae kwangu. Wewe bado kijana, una maisha yako. Utabakije unamlea mkwe, na aliyewaunganisha hayupo?"

Nikasema sawa. Nilikuwa naosha vikombe.

"Kweli ni sawa, wifi?"

"Sawa."

Sijui nilimaanisha nini. Nadhani nilimaanisha nimesikia. Tangu mwezi wa tano neno hilo linatoka lenyewe. Daktari aliponiambia wamejitahidi wakashindwa, nilimwambia sawa. Seremala aliponiuliza jeneza liwe la rangi gani, nilimwambia sawa, maskini ikabidi aulize tena.

Nyumba hii tuko wawili tu, mimi na mama mkwe. Mtoto hatukujaliwa. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Usiku, mezani, akasema, "Kapteni angekula hiki chakula angeomba chumvi."

Nikamwambia kesho upepo utageuka.

19 Agosti

Maji yameanza kupata joto kidogo ukingoni. Domo watatu.

24 Agosti

Daktari wa meno amerudi. Huyu ni mteja wa Jumamosi, miaka na miaka, mpole, ana kofia pana ya majani anayoivaa kama taji. Hajawahi kupata domo mkubwa. Mume wangu alikuwa akisema samaki wanamwona wanadhani amekuja kuwang'oa.

Alikaa mbele ya boti akasema, "Dada, bila Kapteni ziwa limepoa."

"Maji yatapata joto mwezi ujao," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo, akarusha ndoano yake. Hakupata kitu.

30 Agosti

Mama alisema asubuhi, "Kapteni alipokuwa mdogo alikuwa anaficha viatu ili asiende shule."

Nikamuuliza kama amemeza dawa zake za presha. Alikuwa amemeza.

Domo wanne.

7 Septemba

Joto. Domo wameanza kuingia kwenye maji mafupi, kwenye ghuba ndogo nyuma ya matete. Kamanda amesimika miti. Kamanda si askari, ni mzee anayesimamia gati, ila ukimsikia anavyoita watu utadhani kuna vita. Kila mwaka anasimika miti kuizunguka ghuba na kufunga vitambaa vyekundu. Vikifungwa, hakuna anayerusha ndoano ndani mpaka avifungue. Ni mapatano ya wenye boti wote, hayajaandikwa popote na hayajawahi kuvunjwa.

Sababu yake ni viota. Domo dume anafagia mchanga kwa mkia mpaka apate duara safi kama sinia. Jike anakuja, anataga, anaondoka. Dume anabaki kulinda mayai, halafu vifaranga. Hali kitu. Chochote kinachopita karibu anakiuma, si kwa njaa, kwa hasira. Ndiyo maana kumvua hapo ni rahisi kama kuchuma nyanya, na ndiyo maana ni aibu.

Nilimwambia Mama vitambaa vimefungwa. Akacheka kidogo puani. "Kwa domo mama ndiye anayekwenda zake, baba anabaki na malezi. Kapteni alikuwa anasema samaki hao wamestaarabika."

"Mvua itachelewa mwaka huu," nikamwambia.

12 Septemba

Domo sita.

13 Septemba

Domo watano. Redio kanipita na boti yake amejaza wateja. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Kaniuliza kwa sauti, ziwa zima likasikia, "Shemeji, utaolewa lini?" Nikamwambia siku utakayonyamaza. Wateja wake wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikukasirika. Nilisema tu kwa sababu jibu lilikuwa tayari mdomoni.

21 Septemba

Leo nitaandika zaidi.

Maji safi, hakuna upepo, unaona chini. Daktari wa meno alikuwa peke yake. Tulizunguka asubuhi nzima, kwenye magogo, kwenye magugu, kwenye mawe. Hakuna. Alikuwa halalamiki, na kutolalamika kwake ndiko kulikonichosha. Tukapita nje ya ghuba. Kutoka pale tulimwona domo dume juu ya kiota chake, mkubwa, sijawahi kuona mkubwa hivyo, anazunguka duara lake polepole.

Daktari akasema, "Mama yangu! Yule tunaweza kumjaribu?"

Nataka niandike sawasawa. Sikusahau vitambaa. Niliviona, vilikuwa vyekundu, vilikuwa karibu kunigusa bega. Daktari hakujua maana yake, maana wakati wa viota Kapteni hakuwahi kumleta upande huu. Mimi nilijua. Nikasema sawa, nikapiga kasia, tukaingia.

Akarusha chambo chake, chura wa mpira, mara moja. Domo akamrukia. Hakuwa na njaa yule, alikuwa anafukuza.

Daktari alitetemeka mpaka miwani ikamwanguka. Alitaka domo apimwe, na mizani iko gatini. Ningeweza kumwambia hapana, mrudishe hapa hapa, sasa hivi, bado atarudi kwenye kiota. Sikusema. Nikamtia domo kwenye tangi la maji la boti, tukaenda naye mpaka gatini, mbali, upande wa pili kabisa wa ziwa.

Walipiga makofi. Redio alipiga mbinja. Domo mkubwa kuliko wote msimu huu, labda na uliopita. Kamanda akaja na mizani, akamgeuza yule samaki, akaona mkia uliochubuka kwa kufagia mchanga. Akainua uso.

"Umemtoa wapi, Mke wa Kapteni?"

"Ndani ya vitambaa."

Makofi yakaisha. Daktari wa meno akauliza, "Kwani vipi?"

Domo akaachiwa pale pale gatini. Nikarudi peke yangu na boti mpaka ghubani. Perege wadogo walikuwa wameshajaa kwenye kile kiota, wanadokoa. Walikuwa wanakula bila haraka, maana hakuna wa kuwafukuza. Nilikaa pale mpaka mchanga ukabaki mweupe, yai hata moja hakuna. Nilingoja nisikie vibaya. Nilijiambia, sasa utasikia vibaya, umefanya jambo baya kwa macho yako mwenyewe. Sikusikia kitu. Nilisikia kiu.

Hapo ndipo nilipoogopa.

22 Septemba

Kamanda kaja nyumbani na kofia mkononi. Wenye boti wamekubaliana: boti yangu ifungwe mpaka vitambaa vifunguliwe.

"Si kwa chuki, mwanangu. Ni mapatano."

"Sawa."

Akasimama kidogo mlangoni. "Ungetukana hata kidogo ningelala vizuri," akasema, akaenda.

23 Septemba

Nyumbani.

24 Septemba

Nyumbani. Nimesugua sufuria zote.

26 Septemba

Nilikuwa ukumbini na ndoo ya maji, nataka kudeki. Nikasikia mtu anacheka chumbani kwa Mama. Kicheko kile kirefu, cha mtu anayejifuta machozi. Nilidhani ana mgeni. Kumbe ni yeye, yuko kwenye simu na wifi, anamsimulia jinsi Kapteni alivyomnyoa mbuzi wa jirani ndevu kwa wembe wa baba yake.

Sikujua kwamba Mama bado anacheka. Nimeishi naye nyumba moja tangu mwezi wa tano, na sikujua.

Nilipogonga kumwomba apishe nideki, akakata simu, uso ukafunga. "Pita, mwanangu," akasema. Nikadeki. Akainua miguu, akaishusha.

28 Septemba

Kila asubuhi ni hivyo hivyo. Mimi nikiwa jikoni anacheka, nikiingia ananyamaza. Nimekuwa kama mwalimu wa zamu.

2 Oktoba

Tulikuwa tunakunywa chai. Mama akasema, taratibu, bila ubaya, "Mwanangu asingerusha ndoano pale."

Alisema kweli. Asingerusha. Angemwambia daktari hadithi mbili tatu, wangecheka, wangeondoka pale bila samaki wala kinyongo. Nilijua hivyo kabla Mama hajafungua kinywa.

Nikasema, "Mwanao hayupo, Mama. Amekufa. Niko mimi."

Nilisema kwa sauti ile ile ninayosemea upepo.

Mama akamaliza chai yake. Akafuta makombo mezani kwa kiganja, akayatia kwenye kisahani, akapeleka kisahani jikoni. Halafu nikamsikia kwenye simu. "Njoo unichukue. Hapana, nisingoje msimu uishe. Njoo."

Najua nilichofanya. Naandika hapa nilichofanya, na mwandiko umenyooka kama kawaida. Laiti ungepinda.

4 Oktoba

Wifi alikuja asubuhi. Hakulia, ndipo nikajua yamekuwa mazito. Mabegi mawili na mto wa Mama, hawezi kulala bila huo. Mimi ndiye niliyebeba mpaka kwenye gari. Niliyapanga vizuri ili mto usibanwe.

Mama alishusha kioo. "Kaa salama, mwanangu."

Alingoja. Gari linanguruma, wifi ameshika usukani, na Mama anaangalia mdomo wangu kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa fupi, neno moja tu: baki. Nikasema, "Sawa, Mama."

Kioo kikapanda.

5 Oktoba

Nyumbani.

6 Oktoba

Nyumbani.

9 Oktoba

Nimepika chakula cha watu wawili. Nimekula cha mmoja, kingine nimempa mbwa wa Redio.

14 Oktoba

Kamanda amefungua vitambaa. Vifaranga wa domo wametawanyika, weusi kama mbegu za papai. Boti yangu imefunguliwa. Hakuna aliyenisimanga. Redio kanisaidia kuwasha injini iliyogoma, na alinyamaza muda wote, jambo lililonitisha kidogo.

15 Oktoba

Domo wawili.

17 Oktoba

Domo watatu. Upepo wa mchana.

19 Oktoba

Nilidhani daktari wa meno hatarudi. Amerudi. Kabla hajapanda akaniambia, "Dada, niliambiwa maana ya vile vitambaa. Sikulala."

"Kosa ni langu, daktari. Wewe ulikuwa hujui."

"Basi leo tukose pamoja," akasema. Tukatoka.

Kwenye magogo akarusha yule chura wake wa mpira. Domo akatoka majini mzima mzima, akamkamata, akatikisa kichwa hewani, akamtema kwa nguvu. Chura akarudi kama jiwe la manati, akaichomoa ile kofia pana kichwani kwa daktari, kofia ikatua majini, na domo, wallahi naapa, akarudi akaipiga kofia teke la mkia. Daktari akabaki na fimbo mkononi na upara unang'aa.

"Huyo," akasema kwa heshima zote, "ana jino bovu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa boti. Mbavu ziliniuma, maana zilikuwa zimesahau kazi hiyo. Nilicheka njia nzima kurudi, nikafunga boti nacheka, nikapanda njia ya nyumbani nikijisimulia, nikipanga wapi nianzie, kofia kwanza au chura kwanza. Nikasukuma mlango nikaita, "Mama! Mama, njoo usikie!"

Nyumba ikanyamaza.

Nilisimama palepale mlangoni, viatu vinachuruzika maji. Niliangalia kiti chake. Halafu, sijui kwa nini, nikaangalia mlango wa bafuni. Ndipo yaliponipata. Yote kwa pamoja, mume wangu na mama yake, kama mtu amenikanyaga kifuani. Nilikaa chini sakafuni. Inauma. Naandika tena nione kama ni kweli: inauma. Inauma sana.

20 Oktoba

Sikuangalia upepo. Nilimwomba Redio achukue wateja wangu, nikapanda basi la asubuhi mjini.

Wifi anakaa ghorofa ya tatu. Aliponifungulia alishangaa, akanikumbatia, akaanza kulia. Mama alikuwa kwenye kibaraza, katikati ya nguo zilizoanikwa, anachambua mchele ambao tayari ulikuwa umechambuliwa. Alikuwa amepungua. Au labda sikuwa nimemwangalia zamani.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza. Hakuinua macho.

"Kukuomba radhi kwa lile neno. Na kukuomba urudi nyumbani."

Wifi akasema kwa upole, "Lakini wifi, mimi nilikuuliza. Si ulisema sawa?"

"Nilisema. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo. Ungeniambia paa linawaka moto ningekuambia sawa."

Mama akaweka ungo chini. "Wewe ulimuuliza huyu," akamwambia wifi. "Huyu akakujibu wewe. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nina masikio mawili na mdomo mzima. Nani aliniuliza mimi?"

Tulitazamana, mimi na wifi, tukaangalia chini kama watoto.

"Nakuuliza sasa, Mama," nikasema. "Unataka kukaa wapi?"

Mama alikunja upande mmoja wa shuka lililoanikwa, akalinyoosha tena.

"Mimi nimezaa watoto wawili, nimezika mmoja. Nataka kumtaja. Sitaki makubwa. Nikimtaja hapa, dada yake analia, nabaki kumbembeleza, na habari yenyewe imepotea. Kwenye simu alikuwa anajikaza, ana kwa ana hawezi. Nikimtaja kule, wewe unanipa utabiri wa hali ya hewa." Sauti yake ikapanda. "Mwanangu si mawingu! Niambie jambo moja juu yake. Moja tu, nisilolijua. Kama unaweza, nafunga mabegi. Kama huwezi, kunywa chai, urudi salama, na mimi sitakuchukia."

Neno la upepo lilikuja, kweli lilikuja, lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Mama, mwanao alikuwa hajui kuogelea."

"Nani? Kapteni?"

"Kapteni."

"Muongo wewe! Aliniambia alivuka ziwa lile kwa mikono, mara mbili!"

"Hajawahi kuvuka hata beseni. Siku aliyonileta kunionyesha boti, kabla hatujaoana, aliteleza gatini akaanguka majini. Akapiga kelele, Mama, alipiga kelele za kufa. Aliita watu wote, akaita na jina lako. Mimi nalia juu ya gati, natafuta kamba. Redio akaja mbio, akaangalia, akamwambia, 'Bwana, simama.' Akasimama. Maji yalikuwa yanafika kiunoni."

Mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Wifi naye akacheka, machozi yanamtiririka, hakujua acheke au alie.

"Akanishika mkono," nikasema, "nguo zinadondoka maji, akaniambia, 'Usimwambie mama, nitakuoa.' Na mimi..."

Sauti ikanikatikia hapo. Nililia mbele yao, nililia vibaya, kwa kelele, makamasi, kila kitu kilichokataa kutoka tangu mwezi wa tano. Wifi akanyanyuka aje kunishika. Mama akamzuia kwa mkono. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nilipofika mwisho wangu, nikajifuta na shuka lake lililoanikwa.

Mama alikuwa ameshasimama. Alikuwa anaanua nguo zake kwenye kamba, moja moja, anazikunja juu ya mkono.

"Haya," akasema. "Halafu?"